Themostati ya Nyongeza katika Gari la Dizeli: Mambo ya Kufahamu Kabla ya Kuifunga

Barabara inayochepuka Sangasanga kutoka barabara kuu ya Morogoro–Iringa hupita Mzumbe na Mlali, kisha hupanda milima ya Uluguru kuelekea Mgeta na Nyandira. Magari ya dizeli hupandisha abiria na bidhaa katika njia hiyo, na hushusha kabichi, karoti na viazi vinavyokwenda sokoni. Katika mwinuko wa namna hii mfumo wa kupoza injini hujaribiwa mara mbili. Wakati wa kupanda, injini hufanya kazi nzito huku gari likienda polepole na kupata upepo mchache. Wakati wa kushuka kwa gia, injini karibu haichomi mafuta, hivyo hupoa kupita kiasi.

Wamiliki wengi wa magari hushauriwa na mafundi kuondoa themostati kwa hoja kwamba nchi yetu ni ya joto. Baadaye, gari linapoonekana kuwa baridi mno na kula mafuta, hushauriwa kufungiwa nyingine katikati ya mpira wa juu wa rejeta. Makala haya yanaeleza kazi ya kifaa hicho, mahali kinapofaa, mahali kisipofaa, na haki za mlaji anayekilipia.

Kazi ya themostati

Themostati ni vali ndogo yenye kidonge cha nta ndani yake. Injini ikiwa baridi, nta huwa imeganda na vali hufunga; maji huzunguka ndani ya injini kupitia njia ya mkato, ambayo mafundi huiita baipasi. Maji yanapofikia joto lililoandikwa kwenye kifaa, mara nyingi kati ya nyuzi joto 76 na 88 za Selsiasi, nta huyeyuka, hutanuka na kusukuma vali, na maji huruhusiwa kwenda kwenye rejeta. Kwa hiyo themostati haizuii injini kupoa. Kazi yake ni kuiweka katika joto ambalo mtengenezaji alilikusudia.

Injini ya dizeli huhitaji zaidi uangalizi huo, kwa kuwa joto linalopotelea kwenye maji yake ni dogo kuliko la injini ya petroli, na hivyo huchelewa kupata moto. Ikifanya kazi muda mrefu ikiwa baridi, mafuta hayaungui vizuri, sehemu ya dizeli hupenya na kuchanganyika na oili, ringi za pistoni na kuta za silinda huchakaa mapema, na matumizi ya mafuta huongezeka.

Kwa nini kuiondoa hakupozi kila injini

Themostati za injini nyingi, zikiwemo injini nyingi za dizeli za Toyota, zina visahani viwili. Kimoja hufungua njia ya rejeta; kingine, kwa wakati uleule, huziba njia ya mkato. Themostati ikiondolewa, njia ya mkato hubaki wazi daima, na sehemu ya maji ya moto hurudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Katika tambarare dereva hataona tatizo. Geji itaonyesha baridi naye ataridhika. Lakini gari likiwa na mzigo mlimani, maji hayo yasiyopozwa yanaweza kutosha kulichemsha. Hivyo hatua iliyochukuliwa ili gari lisichemshe yaweza kuwa ndiyo chanzo cha kuchemsha, na gharama yake huwa gaskiti ya silinda hedi iliyoungua, au silinda hedi yenyewe iliyopinda.

Uwezo na mipaka ya themostati ya nyongeza

Kifaa cha nyongeza huwa ni kopo dogo lenye themostati ndani na midomo miwili. Fundi hukata mpira wa juu wa rejeta, hukiingiza kati na kukibana kwa klipu. Faida yake ni kwamba bolti zenye kutu za nyumba ya themostati ya asili haziguswi, na kazi huisha haraka. Hata hivyo, mlaji azingatie mipaka ifuatayo:

1. Hakizibi njia ya mkato. Kama themostati ya asili iliondolewa, kifaa hiki kitasaidia injini kupata moto, lakini hakitaondoa hatari ya kuchemsha mlimani.

2. Kama themostati ya asili ipo lakini imekwama ikiwa wazi, huenda imeziba njia ya mkato. Vali ya nyongeza ikifunga pia, maji hukosa mzunguko wa kutosha, na sehemu za injini zaweza kupata moto mkali kabla ya geji kuonyesha.

3. Kikiwekwa mbali na injini, au kikikosa tundu dogo la kupitisha maji kidogo, maji ya moto huchelewa kukifikia na vali huchelewa kufunguka.

4. Huongeza maungio mawili yanayoweza kuvuja.

Kwa sababu hizo, chaguo la kwanza liwe kurudisha themostati ya asili, yenye umbo na nyuzi joto zilizoelekezwa na mtengenezaji. Ya nyongeza ifikiriwe tu endapo ya asili ipo na imethibitishwa kuwa nzima lakini injini bado inakimbia baridi, au endapo injini ni ya aina ambayo themostati yake haikusudiwi kuziba njia ya mkato.

Kabla ya kulipa

Mwombe fundi aipime themostati mbele yako. Ining'inizwe kwa uzi ndani ya sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, bila kugusa kitako cha sufuria, kisha maji yachemshwe polepole. Vali ianze kufunguka karibu na nyuzi zilizoandikwa, na ifunge tena maji yakipoa. Isiyofanya hivyo haifai, hata kama ni mpya.

Hakikisha pia kwamba geji, feni, mfuniko wa rejeta na rejeta yenyewe vimekaguliwa. Iwapo kifaa cha nyongeza kitafungwa, kipenyo chake kilingane na mpira, mshale uelekee kwenye rejeta, na hewa yote itolewe kwenye mfumo. Safari ya kwanza iwe fupi, na mlima wa kwanza upandwe bila mzigo huku geji ikiangaliwa. Mfuniko wa rejeta usifunguliwe kamwe injini ikiwa ya moto.

Haki za mlaji

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji kuhusu ubora wa bidhaa au huduma. Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963 inakataza biashara ya bidhaa bandia, ikiwemo spea yenye nembo ya mtengenezaji asiyeitengeneza. Ili haki hizi ziweze kudaiwa, mlaji anashauriwa:

• kudai risiti ya mashine ya kielektroniki kwa spea na kwa ufundi;
• kuandikiana na fundi kazi itakayofanyika, aina ya kifaa na nyuzi joto zake;
• kuchukua kifaa kilichotolewa, kwa kuwa ndicho ushahidi wa hali ya awali;
• kuanza kwa kumlalamikia muuzaji au fundi, na asiporidhika, kuwasilisha malalamiko Tume ya Ushindani pamoja na risiti na kifaa husika.

Mlaji ambaye themostati yake ilikwishaondolewa asisubiri gari lichemshe ndipo achukue hatua. Amuulize fundi swali moja kabla ya safari nyingine ya mlimani: je, njia ya mkato ya injini hii huzibwa na nini? Fundi asiyeweza kulijibu hajawa tayari kufunga themostati ya nyongeza katika gari hilo.