Dawa ya Bakteria Inatujuaje?

Dawa ukishaimeza huzunguka na damu mwili mzima. Basi inawezaje kumwua bakteria na kukuacha wewe?

Jibu limo ndani ya seli, zile chembe za uhai tusizoziona bila darubini. Bakteria ni seli moja, tena sahili. Haina kiini. Ni kama nyumba ya chumba kimoja, jiko na kitanda humo humo. Seli yetu ni boma zima: ina kiini chenye utando wake, na vyumba vya kazi mbalimbali. Lakini bakteria wengi wana kitu tusichokuwa nacho, ukuta mgumu kwa nje. Penisilini na amoksilini huvuruga ujenzi wa ukuta huo mpaka bakteria anapasuka. Kwetu hazipati ukuta wa kubomoa.

Sasa sikiliza ajabu. Katika seli zetu mna mitokondria, viwanda vidogo vinavyotumia chakula na oksijeni kututengenezea nguvu. Seli za moyo zimejaa mitokondria. Seli nyekundu ya damu iliyokomaa haina hata moja. Mwaka 1967 mwanasayansi wa Marekani, Lynn Margulis, alieleza kuwa mitokondria zilikuwa bakteria walioingia katika seli nyingine zamani mno, wakafanywa wenyeji. Wengi walimpinga. Leo jambo hilo linakubalika, kwani mitokondria bado zina DNA yao wenyewe.

Udugu huo una gharama. Kloramfeniko huzuia bakteria kutengeneza protini, na mitokondria hutengeneza protini zao kwa namna inayofanana na ya bakteria. Dawa hiyo ikimezwa kwa kipimo kikubwa au kwa muda mrefu, uboho wa mifupa hushindwa kutengeneza damu ipasavyo. Ndiyo maana si dawa ya kujinunulia dukani.

Na wewe mama uliye na mtoto anayechemka homa, usimpe vidonge vya amoksilini vilivyobaki kabatini. Kimelea cha malaria si bakteria. Ni seli changamano, ina kiini kama zetu, wala haina ukuta wa kubomolewa na amoksilini. Virusi vya mafua navyo si seli kabisa. Mpeleke mtoto akapimwe damu leo hii: malaria kali ya falsiparamu isipotibiwa yaweza kumfanya mahututi katika muda wa saa 24.