Mazingira na Nadharia Tete: Mfano wa Usambara Mashariki

Kusudi la maelezo haya ni kupima maneno machache ya elimu ya mazingira na kuonyesha kazi ya kila moja katika uchunguzi. Mfano wetu twautoa katika milima ya Usambara Mashariki, ambayo chini yake, upande wa kaskazini, uko mji mdogo wa Maramba, na ambayo upande wake wa kusini-magharibi una msitu wa Amani.

Neno mazingira latokana na kitenzi zingira, yaani kuzunguka kitu pande zote. Kwa hiyo hakuna mazingira matupu. Lazima yawe ya kitu fulani. Udongo, mwanga, maji, ndege na watu ni mazingira ya mche mmoja wa msituni, na mche huo nao ni sehemu ya mazingira ya hao wote. Anayesahau uhusiano huo hudhani kwamba aweza kugusa kimoja bila ya kutikisa vingine.

Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha Amani kituo cha utafiti wa mimea na kilimo, wakapanda huko miti mingi ya kigeni. Mmoja ulioletwa mwanzoni mwa karne ya 20 ni Maesopsis eminii, ambao kwao ni upande wa magharibi, kama vile Uganda, ambako huitwa musizi. Mti huo hukua upesi, na matunda yake huliwa na hondohondo, ambao huzichukua mbegu mbali. Baadaye ulionekana umeenea ndani ya msitu wa asili. Je, kwa sababu gani?

Hapa ndipo lugha inapotakiwa kuwa na makini. Jibu la kwanza linalomjia mtu si elimu bado. Wazee wetu wangaliliita dhana, na dhana kwao ilikuwa kinyume cha hakika. Lakini siku hizi neno hilo limechukua pia maana ya wazo la msingi. Kwa hiyo wataalamu husema nadharia tete. Jina hili ni zuri, kwa kuwa tete ni nafaka changa isiyokomaa: ina umbo la chakula, lakini haijawa tayari kuvunwa.

Nadharia tete ya kwanza yasema kwamba mti huu wausukuma msitu kwa nguvu zake wenyewe. Ya pili yasema kwamba wakataji mbao, waliofanya kazi sana katika miaka ya 1970 na 1980, ndio walioufungulia njia. Kila moja haina budi kutuambia tutaona nini ikiwa ni kweli. Kama ya kwanza ni sawa, miti michanga itastawi hata penye kivuli kizito. Kama ya pili ni sawa, itastawi palipokatwa tu. Ndipo mchunguzi hupima vipande vya msitu vya namna zote mbili, akavilinganisha.

Vipimo havikuipa ushindi kamili nadharia yoyote. Mti huu wahitaji mwanga ili ukue. Lakini mwanga hauletwi na shoka peke yake, maana hata mti mkubwa uangukao kwa uzee huacha uwazi. Wakataji waliongeza nafasi, hawakuzivumbua.

Tofauti hii si ya vitabuni tu. Mlinzi wa msitu aaminiye nadharia ya kwanza aweza kuikata miti hiyo yote kwa pamoja. Naye kwa kufanya hivyo atakuwa amefungua uwazi ule ule inaoupenda. Na maji ya mto Sigi, yanywewayo katika mji wa Tanga, hutoka katika milima hiyo.

Kwa hiyo mwandishi wa Kiswahili akiandika hakika mahali pa nadharia tete, kosa lake si la msamiati peke yake. Amewavunisha watu kabla nafaka haijakomaa.