Gari Kuukuu na Maji ya Rufiji

Gari kuukuu la Kibiti huchakazwa zaidi na maji kuliko kilomita. Masika hugeuza udongo mweusi wa bonde la Rufiji kuwa tope linalonata kila pembe ya chesisi. Kuelekea mashariki, barabara hushuka hadi Nyamisati, kwenye mikoko na maji ya chumvi. Pikapu zinazobeba samaki na kamba huongezewa adui mwingine: maji ya barafu yenye chumvi, yanayochuruzika kutoka kwenye bodi hadi kwenye springi na mabomba ya breki. Matengenezo ya nyumbani hayana budi kufuata njia ya maji hayo.

Kazi ya kwanza ni kuosha chini ya gari siku ileile ya safari. Kutu huendelea kwa umeme mdogo unaopita kati ya sehemu mbili za chuma, na maji ya chumvi huupitisha umeme huo kwa wepesi zaidi. Tope nalo hutunza unyevu siku nyingi baada ya jua kurudi. Maji ya kuoshea yawe baridi. Ya kisima kilicho jirani na mikoko mara nyingi yana chumvi, hivyo yaliyokingwa mvua inaponyesha yanafaa zaidi. Yaelekezwe ndani ya madigadi, katikati ya springi na kwenye matundu ya chesisi. Wengi hupaka oili chafu ili kuzuia kutu. Si dawa nzuri: hulegeza mipira ya bushi, na ikifika kwenye breki huondoa mshiko. Afadhali kukwangua kutu, kuacha chuma kikauke, kisha kupaka rangi ya kuzuia kutu.

Difu inastahili uangalifu mkubwa kuliko inaopewa. Baada ya mwendo mrefu huwa ya moto. Ikiingia ghafla majini, hewa iliyomo hupoa na kusinyaa. Kama kitundu cha kupumulia kilicho juu ya ekseli kimezibwa na tope, maji hufyonzwa kupitia sili. Kwa hiyo kitundu hicho kisafishwe kila msimu. Kukagua si vigumu. Gari lilale usiku kucha mahali tambarare, kisha nati ya chini ilegezwe kidogo: maji, kwa kuwa ni mazito kuliko oili, hutangulia kutoka. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa imwagwe yote. Nati ya kujazia ifunguliwe kwanza, kabla ya ile ya kumwagia. Iking'ang'ania baada ya oili kutoka, gari haliwezi kwenda hata gereji. Beringi za magurudumu zilizozama nazo zifunguliwe, zioshwe na kutiwa grisi mpya. Kwenye mchanga, jeki huwekwa juu ya ubao mnene, na hakuna anayeingia chini ya gari lililoshikwa na jeki pekee: stendi imara ni lazima.

Mafuta ya breki hufyonza unyevu wa hewani hata gari likiwa limeegeshwa. Ya DOT 3, yakiwa mapya, huchemka kwa nyuzijoto zisizopungua 205. Yakishakunywa maji, kiwango hicho huweza kushuka hadi 140. Yakichemka huzaa mvuke, na pedali huzama bila gari kusimama. Kuyabadilisha kila baada ya miaka 2 ni gharama ndogo.

Mafuriko kama ya Aprili 2024, yaliyozikumba Rufiji na Kibiti, huleta swali la injini iliyozama. Jibu la kwanza ni kutogusa ufunguo wa stata. Maji hayabanwi kama hewa. Pistoni ikipanda na kuyakuta kwenye silinda, konrodi hupinda. Betri ikatwe, ea klina itolewe na kukaushwa, na plagi zifunguliwe zote; kwenye injini ya dizeli hufunguliwa nozeli au plagi za kupashia. Kisha injini izungushwe kwa spana kwenye puli ya krenki mpaka maji yaishe. Oili na filta hubadilishwa kabla ya kuwasha; injini ikishanguruma dakika chache, oili ikaguliwe, na ikiwa bado nyeupe ibadilishwe tena. Soketi za waya zilizozama kwenye maji ya chumvi huoshwa kwa maji baridi na kukaushwa kabla ya betri kurudishwa.