Mwaka wa Matayarisho si Mwaka wa Kupotea

Mjini Gisenyi, katika Wilaya ya Rubavu, Rwanda na Kongo zimetenganishwa na kizuizi cha barabarani tu. Vijana wa Gisenyi na wenzao wa Goma huelewana sokoni kwa Kiswahili pasipo taabu. Lakini wafikapo mlangoni pa chuo kikuu, njia zao huachana. Aliyesoma Goma amefundishwa kwa Kifaransa, ilhali vyuo vikuu vya Rwanda hufundisha kwa Kiingereza, kufuatana na uamuzi wa Serikali wa Oktoba, 2008.

Hapo ndipo unapoonekana umuhimu wa masomo ya matayarisho kabla ya shahada. Wapo wanaoyabeza, wakidai kwamba yanapoteza wakati na karo. Dai hilo halina msingi. Mwanafunzi hodari wa hesabu asiyeijua lugha ya mwalimu wake huandika majibu mabovu, akadhaniwa kuwa hajui hesabu. Masomo ya matayarisho humfundisha kusikiliza mhadhara na kuandika muhtasari wake, kusoma vitabu vingi kwa muda mfupi, na kupanga hoja kwa maandishi. Baada ya hapo mtihani hupima elimu yake, wala si ugeni wake katika lugha.

Rwanda ina uzoefu wa jambo hili. Chuo Kikuu cha Taifa cha Butare kilipofunguliwa tena mwaka 1995, kiliwakusanya vijana waliokulia Uganda na Tanzania, wenye Kiingereza, pamoja na waliosoma kwa Kifaransa nchini humo, Burundi na Zaire. Chuo kikaanzisha shule ya lugha, na kila kundi likajifunza lugha ya mwenziwe kabla ya kuendelea na masomo ya shahada.

Hata hivyo, muda huo una gharama. Kwa mzazi anayechuuza mboga mpakani, karo na malazi ya mwaka mmoja zaidi ni mzigo mzito. Kwa hiyo ni haki kila mwanafunzi apimwe lugha kwanza, na anayeimudu asizuiwe kuanza shahada. Mzazi naye, kabla ya kulipa, aulize masomo hayo ni ya saa ngapi kwa juma, na kama cheti chake kinatambuliwa.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Ni wajibu wa vyuo kuhakikisha kwamba anayeinama anakipata.