Shamba ni tifutifu, mbolea imewekwa, mahindi njano. Kulikoni?

Leo naomba tuweke siasa pembeni kidogo, tuongelee udongo. Najua wengine mtasema huyu dogo kaishiwa habari, lakini vumilieni hadi mwisho, manake hapa kuna hela za watu zinazama kwenye tope kila mwaka na wenyewe hawajui zinakwendaje.

Nianze na kisa. Baba yangu mdogo analima huko Kwimba. Ana shamba kama ekari tatu, liko chini ya mteremko, ukishuka kutoka kwenye mawe yale makubwa ya Usukuma kuelekea bondeni. Msimu uliopita alilima mahindi. Yalichipua vizuri tu. Mvua zilipokolea, mahindi yakadumaa, majani ya chini yakaanza kuwa njano, mengine yakawa na rangi ya zambarau. Akaenda dukani kununua pembejeo, muuzaji akamwambia, "Mzee, udongo wako umechoka, ongeza urea." Akauza mbuzi wawili, akaongeza urea. Wapi! Aliambulia magunia manne. Mwaka huu akapanga kuuza ndama ili anunue mbolea mara mbili ya ile.

Ndipo nikaenda kumsalimia, tukabishana hadi usiku. Mimi si bwana shamba jamani, nimeishia kidato cha nne. Ila nilisoma kidogo, nikauliza wanaojua, halafu tukachimba shimo. Ninachoandika hapa ndicho tulichokiona na maana yake.

UONGO MDOGO TULIOFUNDISHWA SHULENI

Mnakumbuka darasani? Udongo aina tatu: kichanga, mfinyanzi, tifutifu. Kichanga hakishiki maji, mfinyanzi unashika mno, tifutifu ndio mzuri kwa kilimo. Ukijibu hivyo kwenye mtihani unapata vema.

Sio uongo kabisa, ila ni nusu ya habari. Neno tifutifu linaeleza kitu kimoja tu: mchanganyiko wa chembe. Kuna chembe za mchanga, ambazo ni kubwa (milimita 0.05 hadi 2). Kuna za kati, laini kama vumbi au unga, wataalamu wanaziita silti. Na kuna za mfinyanzi, ndogo kuliko milimita 0.002, huwezi kuziona kwa macho. Tifutifu wa kawaida una mchanga kama asilimia 40, silti 40, mfinyanzi 20. Mchanga ukizidi unaitwa tifutifu kichanga.

Sasa hilo halikwambii maji yakishaingia yanakwenda wapi! Unaweza kuwa na tifutifu safi kabisa juu, halafu chini yake kuna tabaka gumu kama sakafu. Maji yanashuka, yanagonga sakafu, yanatuama. Ni sawa na kumwaga maji kwenye ndoo yenye mchanga bila kutoboa tundu chini. Mchanga ni mzuri, ndoo ndiyo haina pa kutolea maji.

TULICHOKIONA KWENYE SHIMO

Tulichimba kwenda chini kama mita moja hivi, kwa jembe na sururu. Sentimita 30 za juu udongo ni wa kijivu hivi, mwepesi, ukiuloanisha na kuusugua kwenye vidole unasikia mchanga unakwaruza lakini unashikana kidogo. Huo ni tifutifu kichanga. Babu mmoja jirani alipita akacheka, akasema hata bila kuchimba yeye anajua, hiyo ni itogolo.

Baada ya hapo jembe likaanza kulia. Ghafla! Sio kidogo kidogo, ni ghafla. Udongo ukabadilika ukawa mgumu kama tofali, wenye mfinyanzi mwingi kuliko wa juu. Tukamwagia maji, yakakaa pale yanatuangalia.

Na pale mpakani, juu kidogo ya lile gumu, tukaona madoadoa ya rangi ya kutu na chungwa, mengine yakifuata njia za mizizi ya zamani, na katikati yake udongo umepauka kama majivu. Wadau, haya madoa ndio siri yenyewe.

KWA NINI UDONGO UNAPAUKA

Ndani ya udongo mzuri karibu nusu ni nafasi tupu, zinazogawanwa na hewa na maji. Mizizi inapumua, na wadudu wadogo wasioonekana nao wanapumua. Maji yakijaza nafasi zote, hewa inakwama. Oksijeni inasafiri ndani ya maji polepole mno, karibu mara elfu kumi polepole kuliko kwenye hewa. Kwa hiyo iliyopo inaisha haraka.

Ikiisha, vile vijidudu havifi vyote. Vingine vinatafuta mbadala. Vinaanza na naitreti, yaani ile naitrojeni ya mbolea yako! Vinaigeuza kuwa gesi, inapaa zake hewani. Hapa ndipo mbuzi wawili wa baba mdogo walipopaa. Urea haikuwa feki, na udongo haukuwa na njaa kiasi kile. Mbolea iliingia kwenye bwawa.

Naitreti ikiisha, vijidudu vinaendelea na manganizi, halafu chuma. Chuma ndicho kinachoupa udongo wekundu na unjano. Kikikosa oksijeni kinayeyuka, kinahama na maji, udongo unabaki kijivu. Maji yakikauka na hewa ikirudi kupitia nyufa na matundu ya mizizi, chuma kinashika kutu tena pale pale. Hayo ndio madoa. Kwa hiyo hata ukichimba kiangazi, udongo mkavu kama mfupa, madoa yanakwambia kwamba masika hapa palikuwa na maji na yalikaa. Udongo hausahau.

Na unjano wa mahindi? Mizizi iliyokosa hewa hainyonyi chakula hata kama kipo. Mmea unaanza kuhamisha naitrojeni kutoka majani ya chini kupeleka juu kwenye majani machanga. Ndio maana ya chini yanatangulia kuwa njano. Mahindi machanga yakizama siku chache tu yanaweza kufa kabisa.

SASA HUU UDONGO UNAITWAJE?

Hapa kuna majina ya aina mbili, na yote yana akili.

La kwanza ni la Wasukuma wenyewe. Kwao udongo unapangwa kufuatana na mteremko. Juu karibu na mawe ni luseni, kichanga. Ukishuka unakutana na itogolo, wenye lile tabaka gumu. Kuna ibushi, wenye chokaa. Chini kabisa bondeni ni mbuga, mfinyanzi mweusi unaopasuka nyufa kiangazi. Mkulima akikutajia jina moja tu, tayari anajua alime nini na alime lini.

Mwingereza mmoja, Geoffrey Milne, aliyekuwa mtaalamu wa udongo kituo cha Amani kule Tanga, mwaka 1935 alilipa jambo hili jina la kisayansi. Aliona kwamba Afrika Mashariki udongo unajirudia kwa mpangilio ule ule kutoka kilimani hadi bondeni, kama pete za mnyororo. Akauita katena, neno la Kilatini lenye maana ya mnyororo. Leo dunia nzima wanasoma katena vyuoni. Wazo limetoka kwenye miteremko yetu hii hii!

Jina la pili ni la mfumo wa kimataifa wa kuainisha udongo, ambao toleo lake la nne lilitoka mwaka 2022 na una makundi makuu 32. Kwa udongo unaotuamisha maji, makundi ya kujua ni haya:

1. Gleisoli. Maji yanatoka chini. Kina cha maji ya ardhini kiko karibu, kama kwenye mabonde ya mito na kando ya vinamasi.

2. Stagnosoli. Maji ni ya mvua, yanatoka juu, yanakwama kwa sababu chini yanapita kwa shida, lakini udongo unabadilika taratibu.

3. Planosoli. Maji ya juu vile vile, ila hapa mabadiliko ni ya ghafla: juu mwepesi, chini ya sentimita chache tu mfinyanzi mwingi. Itogolo nyingi zinaangukia hapa. Shimo letu lilikuwa hivi.

4. Soloneti. Inafanana na hiyo, lakini tabaka la chini limejaa sodiamu, yaani magadi. Sehemu nyingine itogolo inaelekea huku.

5. Vertisoli. Hii ndiyo mbuga nyeusi. Sio tifutifu, nimeitaja ili msichanganye.

Mbali na hapo, Wamarekani wanapima upitishaji maji kwa madaraja saba, kuanzia udongo unaopitisha kupita kiasi hadi unaopitisha vibaya sana. Kwa mfumo huo, udongo unaolowa karibu na juu kwa vipindi virefu, hadi mazao mengi yasiweze kukua bila mifereji, unaitwa unaopitisha maji vibaya.

KWA NINI JINA LINAJALISHA

Utasema, dogo, jina linaniongezea gunia? Linaongeza! Kama ni Gleisoli, maji yanatoka chini, mfereji mrefu unaweza kushusha kina cha maji na shamba likapona. Kama ni Planosoli, mfereji pembeni hausaidii sana, manake maji yamekalia sakafu kila mahali. Kuna wanaoshauri kuvunja lile tabaka kwa trekta. Gharama yake si mchezo, na kama chini kuna magadi, udongo unajifunga tena, tena unaweza kuleta magadi juu ukajiharibia.

Na mfereji una ugomvi wake. Baba mdogo alishataka kuchimba mmoja umwage maji nje. Nje ni wapi? Ni kwa jirani yake wa chini, mama mjane mwenye viazi. Maji hayapotei wadau, yanahama tu, na kesi inakufuata.

JIPIMIE MWENYEWE, HAKUNA HELA

Chupa: chukua ya maji inayoona ndani, weka udongo theluthi moja, jaza maji, tikisa sana, iweke chini. Mchanga unatua ndani ya dakika moja hivi, silti ndani ya saa mbili, mfinyanzi unachukua siku nzima au zaidi. Pima unene wa kila tabaka.

Shimo la maji: chimba sentimita 30 kwenda chini na 30 upana. Jaza maji, yaache yaishe, jaza tena, halafu pima yanashuka kiasi gani kwa saa. Chini ya sentimita 2.5 kwa saa, una tatizo.

Shimo la macho: chimba hadi sentimita 80 au mita. Angalia rangi, madoa, na mahali jembe linapolia. Fukia ukimaliza, ng'ombe wasivunjike miguu.

Ukitaka vipimo vya maabara, SUA Morogoro, TARI Mlingano kule Tanga na TARI Ukiriguru hapa Misungwi wanahusika na mambo ya udongo. Ila angalizo: wengi tunapeleka udongo wa juu tu, sentimita 20. Kwa itogolo huo hautasema kitu kuhusu sakafu iliyo chini. Peleka na wa chini, kwenye mfuko wake, na uandike umeutoa kina gani.

TULIPOFIKIA

Tatizo la mahindi ndio neema ya mpunga. Mpunga una njia za hewa ndani ya shina zinazoshusha oksijeni hadi kwenye mizizi, na ile sakafu inayoua mahindi ndiyo inayozuia maji yasipotee. Wazee wa Usukuma wanachimba majaluba kwenye itogolo miaka na miaka, sasa naelewa kwa nini. Hata huko mbolea ina utaratibu wake: urea igawanywe, isimwagwe yote siku moja, na izamishwe kwenye tope badala ya kuachwa juu.

Baba mdogo hakukubali yote. Kwake shamba bila mahindi ni njaa, na majaluba yanataka nguvu ya kuinua kingo, yeye mgongo unamuuma. Tukakubaliana hivi: ekari moja na nusu ya chini majaluba, ya juu mahindi kwenye matuta makubwa ili mizizi ikae juu ya maji, na samadi kidogo. Ndama anabaki. Akaniambia, "Mwanangu, mpunga ukikataa, huyo ndama utamlipa wewe." Nimekubali, kwa hiyo niombeeni mvua zije kwa kiasi!

Wadau wa Kahama, Kyela, Kilombero na wa huko Ahero Kenya mnaolima mabondeni, kwenu udongo wa namna hii mnauitaje na mnaulimaje? Na mabwana shamba mliomo humu, nilipokosea nisahihisheni, msinitukane. Sehemu ya maoni iko wazi.

Naomba kuwasilisha.