Upepo unaoporomoka: Namna ya kuzisoma dhoruba za Handeni na Korogwe

VULI ikikaribia, anga la Handeni na Korogwe hufuata ratiba ambayo kila mkulima wa huku anaijua. Asubuhi jua ni kali na ardhi imekauka. Mchana upepo wa Bahari ya Hindi huingia bara kupitia Pangani na Muheza ukiwa umebeba unyevu, ukagonga Milima ya Usambara, yenye vilele vinavyozidi meta 2,000, na kusukumwa juu. Joto la uwanda humalizia kazi iliyobaki. Kufika saa kumi, wingu moja limeyazidi mengine kimo, tumbo lake jeusi, kichwa chake kimetanda na kubapa. Hapo hazibaki dakika nyingi.

Nimelifuatilia wingu hilo tangu utotoni na sijawahi kulichoka. Nyumbani, ngurumo ya kwanza ilikuwa amri: kioo kifunikwe, nguo zianuliwe, nyekundu kwanza, na watoto waingie ndani. Wenzangu walikimbilia mkekani; mimi nilichungulia dirishani nione upande gani mvua itaanzia. Ukubwani nimeelewa kwamba hamu ile inaweza kuwa na faida kwa jamii, kwa sababu wingu linalonyeshea mahindi ya Kabuku na mashamba ya mkonge ya Korogwe ndilo linaloezua mapaa ya shule na nyumba zetu. Anayeijua tabia yake anaweza kujikinga.

Kisulisuli si dhoruba

Upepo wa kwanza ambao mtoto wa huku anafahamiana nao ni kisulisuli. Kiangazi kinazuka katikati ya uwanja wa mpira, kinazungusha vumbi, majani makavu na mifuko, kisha kinapotea. Wazee wengi walitukataza kukiingia, wakisema ndani yake mna shetani. Kisulisuli hutokana na ardhi iliyopata moto chini ya anga jeupe: hewa ya chini inapanda kwa kujisokota, na hakuna wingu linalohusika. Mara chache sana kinafanya zaidi ya kupeperusha nguo kwenye kamba.

Tornado ni jambo jingine kabisa. Hiyo hushuka kutoka kwenye wingu kubwa la radi hadi ardhini, na huhitaji upepo wa juu uwe na kasi na mwelekeo tofauti sana na upepo wa chini, ili wingu zima lizunguke. Nyanda za kati za Marekani zina hali hiyo kila mwaka, na nchi hiyo huhesabu tornado zaidi ya 1,000 kwa mwaka. Barani Afrika, Afrika Kusini inazifahamu vizuri. Desemba 1998 tornado iliupiga mji wa Umtata wakati Nelson Mandela akiwa ndani ya duka la dawa, na walinzi wake walimlaza chini wakamkinga kwa miili yao.

Sisi tuko karibu na ikweta, ambako tofauti hiyo ya upepo kwa kawaida ni ndogo, hivyo tornado kali ni nadra. Vimbunga vya baharini navyo hutufikia kwa nadra, ingawa historia inavyo: kile cha Aprili 15, 1872 kilichoangamiza mikarafuu ya Unguja, kile cha Aprili 15, 1952 kilichoipiga Lindi, na Hidaya ya Mei 2024 iliyofika Mafia. Basi ni nini kinachoezua mapaa ya Handeni, wilaya iliyo mbali na pwani, kwa robo saa tu, kisha kijiji cha jirani kisipate hata tone?

Somo la Profesa Fujita

Jibu lilipatikana mbali sana na hapa. Tetsuya Fujita alizaliwa Japani mwaka 1920. Mwaka 1945 alikuwa akifundisha karibu na Kokura, mji uliokusudiwa kupigwa bomu la pili la atomiki kabla ya anga lake kuzibwa, na ndege kugeukia Nagasaki. Baadaye alikwenda kukagua uharibifu, akaona jinsi miti ilivyolala ikielekea nje pande zote kutoka sehemu moja.

Mwaka 1953 alihamia Chicago, na mwaka 1971 akatoa kipimo cha nguvu za tornado kinachobeba jina lake. Baada ya tornado nyingi za Aprili 1974 alipita kwa ndege juu ya misitu iliyoanguka. Mahali pengine miti ilikuwa imesokotana, jinsi tornado inavyofanya. Lakini mahali pengine ilikuwa imelala kuelekea nje kutoka kitovu kimoja, na picha ya Nagasaki ikamrudia. Fujita akasema kuna upepo usiozunguka: unaporomoka moja kwa moja kutoka kwenye wingu, unagonga ardhi na kutawanyika. Juni 24, 1975 ndege ilianguka ikitaka kutua New York na kuua zaidi ya watu 100, naye akauhusisha upepo huo na ajali. Wanasayansi wengi walimpinga hadi vipimo vya mwaka 1978, karibu na Chicago, vilipomthibitisha.

Uwanda wetu una mazingira yanayoupendelea upepo huo. Mvua inapoanza kushuka kutoka wingu refu na kupita katika hewa kavu yenye joto, sehemu ya matone hukauka yakiwa angani. Kukauka huko hunyonya joto, hewa inapoa ghafla, inakuwa nzito na kuporomoka. Ndiyo maana kabla ya tone la kwanza tunapigwa na baridi ya ghafla na ukuta wa vumbi. Upepo wa namna hiyo huweza kuvuka kilometa 200 kwa saa, huku eneo linaloathirika likiwa na upana wa kilometa chache tu.

Kwa hiyo, siku ya pili baada ya dhoruba, nenda shambani kabla mahindi hayajainuliwa. Yakiwa yamelala upande mmoja, au yametawanyika kuelekea nje kutoka sehemu moja, upepo uliporomoka. Yakiwa yamelaliana huku na huku katika ukanda mwembamba, huenda ulizunguka. Ushahidi huo hauhitaji mtambo wowote, na baada ya siku chache umeshafutika.

Paa huachia penye udhaifu

Niliwahi kusimama mbele ya darasa lililoezuliwa wilayani Handeni. Bati zilikuwa zimelala shambani zikiwa bado zimeshikana na papi zake, misumari ya kofia haijang'oka. Kilichoachia kilikuwa kenchi: zilikuwa zimefungwa ukutani kwa waya mwembamba, na waya ulikuwa umekatika. Upepo unaopita juu ya paa huivuta bati juu, na ule unaoingia chini ya upenu huisukuma kutoka chini. Nguvu hizo mbili hushuka kutoka kwenye bati kwenda papi, kutoka papi kwenda kenchi, na kutoka kenchi kwenda ukutani. Fundi akiimarisha viungo viwili akalegeza cha tatu, paa linaondoka zima. Kutoa nondo kwenye linta na kuzikunja juu ya kenchi ni gharama ndogo mno ukilinganisha na kuezeka upya.

Ukuta nao una zamu yake. Machi 2015, huko Mwakata wilayani Kahama, mvua ya mawe na upepo viliua zaidi ya watu 40, wengi wakiangukiwa na nyumba zao. Radi nayo haisubiri: Januari 27, 2025 iliua wanafunzi saba wa Sekondari ya Businda, Bukombe, mkoani Geita. Ukiuona umeme, hesabu hadi usikie ngurumo. Kila sekunde tatu ni takriban kilometa moja. Hesabu isipofika sekunde 30, ingia kwenye jengo imara, usikae chini ya mwembe, na usitoke hadi nusu saa ipite tangu ngurumo ya mwisho.

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, hutoa utabiri wa msimu na tahadhari za upepo mkali, na redio huzifikisha vijijini. Lakini upepo wa upana wa kilometa chache unaweza kupita kati ya vituo vya kupimia bila kuguswa na hata kimoja. Oktoba 2019 mvua kubwa zilipoikata barabara ya Korogwe hadi Handeni, kila mtu aliyaona mafuriko. Upepo wa dakika kumi huonwa na waliopigwa peke yao. Kila shule ingeweza kuwa na daftari moja: tarehe, saa, upande wingu lilikotokea, miti ililala wapi, bati zilitua wapi. Watoto wanaopenda kuchungulia dirishani wapo katika kila darasa, na hii ndiyo kazi yao.

Halmashauri zetu nazo zina wajibu unaopimika. Kabla ya Oktoba, fundi na mwalimu mkuu wapande ngazi wakague kenchi za kila darasa, na jengo ambalo paa lake halijafungwa ukutani lisikae mtoto siku ya mawingu. Kulizuia wingu lisipande juu ya Usambara hatuwezi. Kukaza kiungo kati ya kenchi na ukuta tunaweza, na fundi wa kuifanya kazi hiyo yuko katika kila kijiji.