Namna ya Kuwafundisha Watoto Kujisomea Hisabati kwa Ajili ya Mtihani

Utangulizi

Mwalimu mwanachuo aendapo katika mazoezi ya kufundisha hukutana na jambo linalomshangaza. Mtoto aliyepata hesabu zote siku ya Jumatatu, akipewa hesabu za namna ile ile baada ya majuma matatu, hubaki akiitazama karatasi. Mzazi husema mtoto huyu hasomi. Mwalimu naye husema ni mzito. Kumbe mtoto amesoma sana, ila hakuna aliyemfundisha jinsi Hisabati inavyosomwa.

Madhumuni ya makala haya ni kueleza jinsi mwalimu wa shule ya msingi awezavyo kuwafundisha watoto kujisomea somo hili. Jambo lenyewe si dogo. Mtihani wa kumaliza elimu ya msingi hutungwa na Baraza la Mitihani la Tanzania, chombo kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1973, na Hisabati imekuwa kwa miaka mingi miongoni mwa masomo yanayowashinda watahiniwa wengi.

Tuchukue mfano wa watoto wa Ukata, katika milima ya Mbinga. Mtihani kwa kawaida hufanyika mwanzoni mwa Septemba, na miezi inayoutangulia ndiyo miezi ya kuchuma kahawa. Mtoto hutoka shule akaenda shambani. Kule chini Mbamba Bay, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, mwenzake huwa na kazi ya kuanika usipa. Kwa hiyo haitufai kuwahubiria watoto hawa juu ya saa nyingi za kusoma. Linalotupasa ni kuwaonyesha jinsi ya kuzitumia vema saa chache walizo nazo.

1. Daftari lifungwe

Watoto wengi hujiandaa kwa kufungua daftari na kuzipitia kwa macho hesabu zilizokwisha kufanywa. Kila hatua huonekana wazi, na mtoto hujiona anajua. Lakini kulitambua jibu lililoandikwa ni jambo moja. Kulitafuta mwenyewe kwenye karatasi tupu ni jambo jingine, na mtihani hupima hilo la pili.

Basi tuwazoeze hivi: mtoto asome mfano mmoja, afunge daftari, aifanye hesabu ile mwanzo hadi mwisho, kisha ndipo afungue kulinganisha. Akikwama, aangalie hatua moja tu, afunge tena. Hesabu tatu zilizofanywa hivyo zinamfaa kuliko ishirini zilizotazamwa.

2. Hesabu zichanganywe

Vitabu vyetu hupanga mazoezi mada kwa mada: hesabu kumi za kujumlisha sehemu, kisha kumi za asilimia. Katika zoezi la namna hiyo mtoto hahitaji kufikiri atumie njia gani, kwa maana kichwa cha habari kimekwisha kumwambia. Katika mtihani hakuna wa kumwambia.

Mwaka 2007 watafiti Doug Rohrer na Kelli Taylor wa Marekani walichapisha matokeo ya jaribio walilowafanyia wanafunzi wa chuo kikuu, waliojifunza kutafuta ujazo wa maumbo ya aina nne. Kundi moja lilifanya mazoezi aina kwa aina. Jingine lilifanya yaliyochanganywa. Wakati wa mazoezi, kundi la kwanza lilipata asilimia 89 na la pili asilimia 60. Walipopimwa baada ya juma moja, la kwanza lilipata asilimia 20 tu, na la pili asilimia 63.

Ingawa wale walikuwa watu wazima, fundisho ni letu pia. Urahisi wa zoezi la leo humdanganya mtoto na mwalimu wake. Mada mpya ianze na mazoezi yake yenyewe. Ikishaeleweka, ichanganywe na za zamani.

3. Kosa lichunguzwe

Alama ya mkosaji peke yake haifundishi kitu. Tuangalie hesabu hii: 20 − 8 + 5. Watoto wengi wamekariri neno MAGAZIJUTO, yaani Mabano, Gawanya, Zidisha, Jumlisha, Toa. Mtoto huona kuwa Jumlisha hutangulia Toa, akajumlisha 8 na 5 akapata 13, kisha 20 − 13 = 7. Jibu sahihi ni 17, kwa sababu kujumlisha na kutoa vina daraja moja, na hufanywa kwa kufuata mpangilio kutoka kushoto kwenda kulia.

Mtoto huyu si mzembe. Amefuata kanuni kama alivyoielewa, na asipoulizwa ataifuata hivyo hivyo hadi chumba cha mtihani. Kila mtoto atenge kurasa za mwisho za daftari lake aandike humo hesabu aliyokosa, sababu ya kukosa, na hesabu yenyewe ikiwa imesahihishwa. Baada ya juma moja airudie bila kutazama.

4. Swali lieleweke, jibu lihakikiwe

Hesabu za maneno huwashinda watoto kwa kuwa huzikimbilia namba kabla ya kuelewa habari. Tutumie mambo wanayoyaona. Katika Umatengo wakulima huchimba ngolo, mashimo yanayopangwa safu kwa safu kwenye miteremko ili udongo usichukuliwe na maji. Tuulize: shamba la mstatili lina urefu wa mita 30 na upana wa mita 24. Kila ngolo pamoja na matuta yake inachukua mraba wenye upande wa mita 2. Shamba litakuwa na ngolo ngapi?

Mtoto mwenye haraka atagawa eneo, 720, kwa 2, apate 360. Mwambieni achore. Ataona kuwa urefu unabeba ngolo 15 na upana 12, yaani 180. Kisha ahakiki kwa njia nyingine: mraba mmoja ni mita za mraba 4, na 720 ÷ 4 = 180. Njia mbili zikikutana, ana haki ya kuliamini jibu lake.

Hitimisho

Tunapendekeza kila siku ianze kwa hesabu tano ubaoni: mbili za mada ya juma hilo, mbili za miezi iliyopita, na moja kutoka katika kurasa za makosa. Zifanywe kimya, madaftari ya zamani yakiwa yamefungwa, kwa dakika 15. Jambo hili halihitaji fedha wala vifaa, na halimnyang'anyi mzazi msaidizi wake wa shambani. Linamhitaji mwalimu aliyejiandaa, anayeanza kazi hiyo tangu Januari bila kuingojea Agosti.